Huyo Hajabeba Maji



Kaskazini mwa Nairobi, kando ya barabara ya Limuru, pana jengo la maduka liitwalo Rosslyn Riviera. Mwisho wa juma watu huingia pale kununua viatu, kula chipsi, kuwazungusha watoto. Humo humo ndani, tangu mwaka 2022, mna kumbi za taasisi ya sanaa ya kisasa ambayo wengi huiita kwa herufi zake tu, NCAI. Mlango uko wazi na hudaiwi kiingilio. Nimewahi kusimama hapo nje nikitazama: mtu anakuja na mfuko wake wa mkate, anachungulia, anaona ukuta mweupe, picha kubwa na ukimya, kisha anarudi nyuma upesi kama aliyefungua kwa bahati mbaya chumba cha wakwe.

Jioni hii nataka nizungumze na huyo aliyerudi nyuma, kwa sababu nadhani yeye ndiye aliyekuwa anangojewa ndani.

Picha ninazozisema ni zile za watu: mwili, uso, mkono, nguo ilivyokaa begani. Wapo wachoraji wasiochora watu kabisa, wao na rangi na mistari tu, na baadhi yao nawapenda mno, lakini hao tutawapangia siku yao. Hapa kwetu binadamu ndiye amekuwa kiini cha uchoraji tangu enzi za shule ya sanaa ya Makerere ya zamani. Na picha ikiwa ni ya mtu, basi anayefaa kuulizwa mwanzo ni yule anayeijua miili hiyo: anayejua kondakta anavyoning'inia mlangoni, bibi anavyojiinua kutoka mkekani, kijana anavyokaa juu ya pikipiki akingoja abiria saa ya jua kali. Mtu huyo hana haja ya kusoma kitabu kizima cha historia ya sanaa kabla ya kusema neno. Lakini huyo huyo ndiye anayebaki nje na mkate wake, akituachia sisi wachache tunaopigana mabega kwenye ufunguzi, glasi mkononi, tukisifu rangi.

NCAI ilianzishwa na Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London, kwanza shule ya sanaa ya Slade, halafu shule za Royal Academy. Jina lake mtakuwa mmelisikia kwa sababu ya fedha. Mwaka 2019 picha yake moja, The Conservationists, iliuzwa mnadani New York kwa takriban dola milioni moja na nusu, na magazeti yetu yakaipigia hesabu ya shilingi mpaka yakachoka. Kuhusu picha yenyewe ilivyo, yalisema kidogo sana. Mimi naona jambo kubwa zaidi alilolifanya ni hili: mwaka 2021, Royal Academy ya London ilipompa kumbi aonyeshe kazi zake, aliingia na wazee wake. Kando ya picha zake zikatundikwa za Sane Wadu, Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua na Elimo Njau. Aliwaonyesha Waingereza kwamba hakuzuka tu kama uyoga. Na NCAI ilipofungua milango Nairobi, onyesho la kwanza halikuwa lake, lilikuwa la Sane Wadu.

Sane Wadu aliacha kazi ya mshahara katika miaka ya themanini akaanza kuchora, na watu wakaona amepotewa na akili. Ukitazama kazi zake za miaka ile utaona kwa nini walishtuka. Rangi ya mafuta imerundikwa kwa haraka, nyuso zimesongamana, mtu na mnyama wameshikana hujui nani ameanza wapi. Simama hatua mbili kutoka kwenye picha na unaona matuta ya rangi yenye vivuli vyake, kabisa, kama taa imewekwa upande. Hilo simu yako haitakuonyesha kamwe. Simu inalainisha kila kitu. Picha ya mita mbili na picha ya kiganja zinakuwa sawa kwenye kioo, na mtu uliyepaswa kumtazama ana kwa ana, mkiwa kimo kimoja, anageuka kidoli.

Ngoja nikae kidogo kwenye jambo la vitambaa, maana ni kitu cha kuona kwa karibu. Wachoraji wengi hutumia kanvasi, kitambaa cha pamba au kitani kilichovutwa kwenye fremu ya mbao. Armitage huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba kutoka Uganda. Mafundi wa Buganda hulibandua gome, wakalipiga kwa nyundo za mbao mpaka likawa pana na laini, rangi yake ikielekea ya udongo mwekundu. Mti hawaukati, huufunga kwa majani ya migomba, nao huota gome jingine. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Lubugo lilivaliwa na wafalme na hadi leo huzikiwa watu. Armitage alilikuta Nairobi, kwenye soko la watalii, limekatwa vipande vya kuwekea vikombe na sahani.

Sasa sogea mbele ya picha mojawapo, usiguse, tazama tu. Gome halina usawa. Lina matundu pale tawi lilipochomoza zamani, lina makunyanzi, na vipande vyake vimeungwa kwa uzi mnene unaoonekana waziwazi, ukipita katikati ya uso wa mtu au kwenye paja. Mchoraji angeweza kuziba matundu. Anayaacha. Mara nyingine tundu linaangukia mahali pa hatari, shavuni au tumboni, na unajiuliza kama alimpanga mtu kulifuata tundu au tundu lilimvizia. Watu wake wamechorwa kwa rangi nyembamba, karibu ya maji, hivi kwamba gome linapumua chini ya ngozi zao.

Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi, mchoraji huyo alikwenda na waandishi wa habari kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park. Kutokana na siku hiyo zilizaliwa picha kadhaa ambazo mwaka 2019 zilitundikwa kwenye maonyesho makubwa ya Venice. Najaribu kumfikiria mtazamaji wa Venice mbele ya picha hizo. Ataona umati, rangi za kupendeza, vijana waliokwea mti. Mwenzangu, wewe uliyewahi kwenda mkutano wa siasa Nairobi, unajua kwa nini yule kijana yuko juu ya tawi na si chini. Unajua ana njaa au hana. Unajua sauti ya spika mbovu, unajua ni saa ngapi watu wataanza kutafuta njia ya kutokea. Hayo yote unakuja nayo mlangoni bila kujua kwamba umeyabeba, na ndiyo elimu inayotakiwa mle ndani.

Nilisema wazee. Ukitaka kuuona mzizi, usikae Nairobi, panda matatu ya Murang'a. Katika kanisa kuu la Mtakatifu James, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, Elimo Njau alimaliza mwaka 1959 picha tano kubwa ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, Gethsemane, na msalaba. Njau ni Mchaga aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, katika shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell. Lakini milima aliyoichora nyuma ya watu wale ni ya Murang'a, migongo yake ya kijani na mabonde yake. Na Yesu ni mweusi, na mama yake, na wanafunzi wake. Hebu fikiria mwaka wenyewe. Hali ya hatari bado haijaondolewa, vijiji vya kulazimishwa bado vipo, na waumini wanaingia Jumapili wanakuta mateso ya Bwana yanatokea kwenye shamba lao. Baadaye, mwaka 1965, Njau alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, na moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya nyumba hiyo. Picha za Murang'a zipo. Ni kanisa linalosaliwa, kwa hiyo nenda nje ya saa za ibada, msalimie mlinzi, omba ruhusa, na usipige picha bila kuuliza.

Haya, tuje kwenye studio, maana huko ndiko ninakopenda zaidi.

Kwenye galeri kazi imekwisha kuvaa nguo za kutokea. Ina fremu, ina taa, ina karatasi ndogo pembeni yenye jina na bei, na baada ya saa moja ya ufunguzi baadhi zinabandikwa kistika chekundu maana yake imekwenda. Studio ni mahali kazi ingali na nguo za nyumbani. Nairobi zipo za namna nyingi. Buruburu kuna Brush Tu, kikundi kilichoanza mwaka 2013 ndani ya nyumba ya kawaida ya mtaa, jirani anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Kibera kuna Maasai Mbili, iliyoanzishwa mwaka 2001 na wachoraji wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota. Kilimani, Likoni Close, wako wasanii wa Kuona. Ukiwa Dar es Salaam, nenda Nafasi Art Space kule Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008. Makontena ya meli yamegeuzwa vyumba vya kazi, na unapita mlango hadi mlango. Na kama hudhani kando ya barabara nako ni studio, pita barabara ya Haile Selassie upande wa Oysterbay uwaone mafundi wa Tingatinga wakifanya kazi mbele ya macho ya kila mpita njia, kama ambavyo imekuwa tangu mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alipokuwa akipaka rangi za baiskeli kwenye mbao nyembamba, kabla polisi hawajamuua kwa risasi mwaka 1972 wakidhani ni mwizi.

Kwenye siku za studio wazi wasanii hufagia, huweka viti vya plastiki, mara soda, mara mtu anapiga gitaa. Unapanda ngazi na harufu ya tapentaini inakupokea. Ukutani kuna picha za magazeti zilizokatwa, picha za simu zilizochapishwa kwenye karatasi, vipande vya kanga. Zipo kanvasi zilizogeuziwa ukuta. Hizo usiziguse, ama zimemshinda, ama zinamngoja.

Nitakusimulia nilichokiona kwenye studio moja ya mtaani, upande wa mashariki mwa jiji. Kijana mchoraji alikuwa na picha kubwa, bado haijakauka, ya mwanamke anayetoka kuteka maji, mtungi wa lita 20 mkononi, ule wa njano uliokuwa na mafuta ya kupikia. Nyuma yake mabati na waya za umeme. Wageni tulikuwa tumeizunguka. Mmoja alisema rangi ya njano inaimba. Mwingine akataja mchoraji wa Kihispania. Mimi nilitikisa kichwa kwa hekima, sikusema kitu cha maana.

Mvua ikaanza, na mama mmoja anayefua nguo kwenye nyumba za pale akaingia kujikinga. Kijana akamwambia, "Karibu, mama, keti." Mama hakuketi. Aliitazama ile picha akifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, kisha akasema, "Huyo hajabeba maji."

"Vipi, mama?"

"Mtungi wake mtupu, kijana wangu. Ungekuwa na maji, bega lingekuwa hapa." Akajigusa bega la kulia akalishusha. "Na huu mkono mwingine hauwezi kulala hivi. Unakwenda mbali, unatafuta mahali pa kushika."

Pale kona palikuwa na mtungi wa maji ya kuoshea vyombo, umejaa. Mama aliuinua. Na sisi sote, wenye digrii zetu, tuliona kwa mara ya kwanza jambo tunaloliona kila asubuhi. Bega likashuka, kiuno kikatoka upande wa pili, shingo ikakaza msuli mmoja mrefu kutoka sikioni, mkono mtupu ukaondoka mwilini. Kisigino cha upande wa mzigo kilikanyaga kabla ya kingine kuwa tayari. Vidole vilijikunja kwenye mshikio lakini kidole gumba hakikufanya kazi yoyote. Kijana alikwisha shika mkaa, anachora moja kwa moja juu ya rangi mbichi. "Tembea kidogo, mama. Rudi. Samahani, mara moja tu tena."

"Unanichosha," mama akasema, akatembea.

Alipoondoka kijana alitueleza. Alimpiga picha jirani yake kwa simu, na kwa kumwonea huruma akampa mtungi mtupu ashike, asije akachoka kusimama. Picha ya simu ikasema kweli kuhusu mtungi mtupu, na yeye akaiamini. Nilipoiona tena ile kazi, rangi ya njano haikuwa imebadilika, lakini mwanamke alikuwa na uzito. Alikuwa anakwenda mahali na angefika amechoka.

Sasa wapo watakaonijibu kwamba mchoraji si mpiga picha wa kitambulisho, hana deni la kufanana na ukweli. Sawa. Jak Katarikawe, aliyetoka Kigezi, akawahi kuwa dereva wa profesa mmoja wa Makerere, kisha akaishi Nairobi mpaka alipofariki mwaka 2018, alichora ng'ombe wanaopendana kwa rangi ambazo hakuna zizi limewahi kuziona. Meek Gichugu ana viumbe ambao hutaki kukutana nao usiku. Hakuna anayewaambia wanyooshe. Lakini kwenye ng'ombe wa Katarikawe shingo inapolala juu ya shingo nyingine, uzito upo. Amewatazama ng'ombe. Anayepinda kitu anapaswa kukijua kilipokuwa kimenyooka, na aliyekuwa mfugaji atalihisi hilo haraka kuliko mimi.

Linganisha na zile picha za Wamasai warefu kama kamba, wekundu, wamepangwa mstari mbele ya jua linalozama, unazozikuta Masai Market na kwenye kila hoteli. Siwalaumu wanaozichora, wana ada za shule za kulipa na wanajua mteja wao. Ila tazama miguu. Hakuna miguu. Watu wale hawasimami popote. Wameshuka kutoka kwenye picha nyingine iliyoshuka kutoka kwenye picha nyingine.

Na upande wa pili wa mji, kwenye galeri za bei kubwa, kuna mtindo wake pia. Kwa miaka kadhaa kuanzia mwisho wa muongo uliopita, soko la dunia lilizitamani mno picha za watu weusi, na ghafla kila mahali pakaota kochi lenye maua, mmea kwenye chungu, na mtu mzuri ameketi anakutazama bila kusema chochote. Baadhi ni kazi bora. Nyingi ni kochi tu. Siku hizi joto hilo limepungua, na binafsi sisikitiki; labda watu watainuka kwenye makochi warudi kwenye shughuli zao.

Yupo mmoja ambaye ningependa mumwone kwa macho, picha zake zikija karibu: Sungi Mlengeya, Mtanzania, aliyeacha kazi ya benki mwaka 2018 akajitia kwenye uchoraji, bila kupitia chuo cha sanaa. Anachora wanawake weusi, kwa akriliki, na nyuma yao hakuna kitu. Nyeupe tupu. Nguo zao pia nyeupe, kwa hiyo nguo na ukuta wa nyuma vinakuwa kitu kimoja, na unachokiona ni ngozi: uso, shingo, mikono, goti. Mwili uliobaki unaumalizia wewe. Kwenye simu ile nyeupe ni kioo cha simu tu. Kwenye kanvasi kubwa ni nafasi unayoweza kuingia, na macho yanahangaika kutafuta ukingo wa gauni ambao haukuchorwa. Wengi wanaosimama mbele yake huanza kuinama upande, bila kujijua, wakilifuata bega.

Nakuona unauliza, nikifika huko nifanye nini? Kwanza vaa ulivyo. Hakuna atakayekukagua viatu. Saini kitabu cha wageni ukitaka, usipotaka acha. Usianze na bei. Na usiogope bei nayo, ni swali halali, ila liweke la mwisho. Ujue pia kwamba galeri huchukua fungu lake, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50, kwa hiyo namba iliyoandikwa ukutani si yote inayoingia mfukoni mwa msanii. Naye ana rangi za kulipia, nyingi zikiwa zimetoka nje kwa gharama. Studio ukinunua kwake mwenyewe mnaweza kuelewana kulipa kwa awamu. Wengi hukubali. Lakini kama galeri ndiyo inayomwakilisha, usimshawishi aiuze picha kwa mlango wa nyuma, utamharibia.

Muulize, "Hapa ulianzia wapi?" Hilo swali halijawahi kuniangusha. Wengine huanza na macho, wengine huacha uso mpaka siku ya mwisho kabisa. Muulize amebadilisha nini. Ukitazama picha ya mafuta kwa ubavu, taa ikiipiga kando, mara nyingi utaona mkono wa zamani chini ya mkono mpya, kidole kilichofutwa kikajitokeza kama kovu. Akriliki hukauka kwa dakika. Mafuta huchukua siku, mara nyingine wiki, na ndiyo maana mchoraji wa mafuta huweza kubadili nia polepole. Tazama mikono. Ni mahali pagumu, na wavivu huificha mfukoni au nyuma ya maua. Halafu tazama mtu amekanyaga nini.

Na ukiona kosa, sema. Sema kwa adabu, lakini sema. Msanii anayefungua mlango wake siku nzima anasikia "nzuri sana, hongera" mpaka masikio yanaziba.

Najua Pwani wapo wanaosita kutundika sura ya mtu nyumbani, kwa sababu ya dini, nami naiheshimu sababu hiyo. Kutundika na kutazama ni mambo mawili, kila mtu atapima mwenyewe. Watoto wapeleke. Wao hawaogopi ukuta mweupe, na watauliza yule mama mbona ana vidole sita.

Kuna jambo moja ambalo kila ninapokwenda naliuliza, na majibu yake hayajawahi kufanana: je, mtu aliyechorwa ameiona picha hii? Kenya haina jumba la taifa la sanaa, jambo ambalo Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani na mkusanyaji wa sanaa, alilililia mpaka akafa. Kazi nyingi nzuri huondoka kwa ndege, zikatundikwa sebuleni kwa mtu London au Johannesburg, na yule aliyekaa kwenye kigoda saa tatu nzima akichorwa hazioni tena. Mchoraji mmoja aliniambia huwa anawalipa wanaomkalia kama kibarua cha siku, lakini hajawahi kumwita hata mmoja kwenye ufunguzi, hakufikiria. Mwingine akasema ana desturi ya kuwaalika studio kabla kazi haijapakiwa, wanywe chai, waitazame. Nikamuuliza wanasema nini. Akacheka. Akasema muuza mboga wa mtaani kwao aliitazama picha yake kimya kwa muda mrefu, akaizunguka, akarudi mbele, kisha akataka kujua ni kwa nini amepewa pua ya dada yake. Mchoraji alijitetea kwamba ni kivuli cha mwanga wa dirishani. Mama akamwambia kivuli anakijua, na pua ya dada yake anaijua pia, na asubiri, atampigia simu dada mwenyewe aje. Dada akaja Jumapili.